Nipe Mji

Mwaka jana, badala ya kuandika sura ya pili ya tasnifu yangu ya uzamili, nilitazama vipindi vyote 12 vya Nana Maru San Batsu, katuni ya Kijapani iliyotoka mwaka 2017, iliyotokana na hadithi ya michoro ya Iqura Sugimoto. Koshiyama Shiki, mwanafunzi wa sekondari mpole na mpenda vitabu, anavutwa kuingia klabu ya chemsha bongo. Jina la katuni ni kanuni ya mchezo: ukijibu sawasawa mara saba umeshinda, ukikosea mara tatu umetoka.

Kilichonishika ni vidole vyao. Wachezaji hawangoji swali liishe. Wanabonyeza kitufe katikati ya sentensi, kwenye lile neno ambalo likishatamkwa, jibu linabaki moja tu. Ukibonyeza kabla yake, unabahatisha. Ukichelewa, mwenzako ameshajibu.

Nilimjua mtu mwenye kidole cha namna hiyo. Tulisoma pamoja sekondari Shinyanga. Vitufe hatukuwa navyo. Mwalimu alifunga kengele mbili za baiskeli kwenye madawati, na baiskeli ni kitu kisichokosekana kwetu. Siku tuliposhindana na shule jirani, swali lilianza: "Mwaka 2012 mkoa wetu ulimegwa. Bariadi, Maswa na Meatu..."

Nikapiga kengele. "Simiyu!"

Mwalimu akatikisa kichwa, akaendelea: "...zilikwenda Simiyu. Je, Bukombe ilikwenda mkoa gani?"

Ilikwenda Geita. Wenzetu wakajibu, wakachukua pointi. Rafiki yangu, aliyekaa kushoto kwangu, mkono wake ulikuwa bado juu ya kengele, haujaigusa.

"Ungesubiri Bukombe," alininong'oneza.

Tulipokuwa kidato cha tatu mvua ziligoma, pamba ya kwao ikakauka shambani. Akaenda Geita kwa mjomba wake, likizo tu, alisema. Hakurudi. Miaka yote niliyosoma baada ya hapo niliamini kwamba safari ile naye alifanya kosa langu, kwamba alipiga kengele kabla swali halijaisha. Niliwahi hata kuwasimulia watu hivyo, kama mfano.

Nilipomaliza katuni nilipanda basi kwenda Nyarugusu. Nilimkuta kwenye karasha, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, anasubiri mifuko yake ya mawe isagwe. Akanieleza kazi: mawe yanatoka duarani, yanasagwa, unga unaoshwa mwaloni, dhahabu inakamatwa kwa zebaki, kisha zebaki inachomwa, na wanaochoma wanavuta ule moshi. Anayemiliki eneo ana mgao wake, mwenye duara ana wake, ndipo wachimbaji wagawane. Na inawezekana kuchimba miezi bila kukutana na mwamba wenye mali.

Nilimsimulia katuni. Alicheka sana aliposikia habari za vitufe. Nilipofika kwenye kubonyeza mapema, aliacha kucheka.

"Mimi sikubahatisha, msomi," alisema. "Wadogo zangu walikuwa wanne na ghala lilikuwa tupu. Swali lilikuwa limeshafika Bukombe."

Sikuwa na la kusema. Tulikula ugali na dagaa, giza likaingia, kelele za karasha zikapungua. Ndipo akaanza, kama bibi yake alivyokuwa akituanzia.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Kila siku ananimeza, kila siku ananitapika."

Jibu nililijua kabla hajafika kwenye kutapika. Tungekuwa shuleni, kengele ingeshalia. Lakini kitendawili hakina makosa matatu. Asiyejua haondolewi mchezoni. Anatoa mji, na aliyetega anakwenda kuukaa na kusimulia aliyoyafanya huko, ndipo ataje jibu.

"Nimeshindwa," nilisema.

"Nipe mji."

"Chukua Shinyanga."

Aliinamisha kichwa kidogo.

"Shinyanga nimekwenda," alisema. "Nikakaa na bibi. Nikala, nikashiba. Nikafanya mtihani wa kidato cha nne, nikafaulu. Nikaenda cha tano, nikaenda cha sita." Akanyamaza kidogo, akihesabu kwa vidole. "Nikawa mwalimu wa jiografia. Nikafunga kengele mbili kwenye madawati."

Kisha akasema, "Duara," akainuka kwenda kuangalia mifuko yake.