Barua kwa Mpwa Wangu Kabla Hajampeleka Mama Yake Hija

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu,

Mkaza mjomba wako amepona kifua, mvua zimerudi Muheza, na ule ukuta wa nyumba ya bibi yako umeshajengwa upya.

Nimesikia kwa dada yako kwamba umemnunulia mama yako viatu vya safari ya Makka: vya ngozi nyeusi, vimechongoka mbele, umevichukua Kariakoo asubuhi yeye akiwa nyumbani, kwa namba ile ile aliyokuwa akivaa wewe unasoma shule ya msingi. Nikaambiwa na hili pia, kwamba alipovijaribu alisema havimbani, nawe ukaridhika. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Mama yako ana kisukari cha miaka mingi. Alipokuja hapa kwenye arobaini ya jirani yetu, nilimwona anaingia sebuleni na ndala mguu mmoja. Ya pili ilikuwa imemvuka kizingitini na hana habari. Mtu ambaye ndala inamvuka asijue, utamwulizaje kama kiatu kinambana? Hakudanganyi akisema hakimbani. Miguu yake ndiyo imeacha kumwambia. Kisukari kikikaa mwilini huharibu mishipa ya fahamu, na huanzia mbali, vidoleni, kikipanda taratibu. Mishipa ya damu nayo huwa myembamba, kwa hiyo kidonda huanza kimya kimya na kupona kwake ni kwa shida. Katika ufundi wangu wa viatu nimewaona wateja wa hali yake wakikataa kiatu cha saizi yao na kuchagua kinachokaba, kwa kuwa kile cha kukaba ndicho pekee wanachokihisi mguuni.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki yaliyomkuta mjomba wako mkubwa, kaka yetu, mwenye kisukari naye. Alikuwa anamwoza binti yake Pangani. Mimi ndugu yake nilikuwa na kibanda changu hapa Ngamiani, najulikana, watu wanatoka Korogwe kuja kushonesha makubadhi. Lakini kaka alisema harusi haiendwi na viatu vya fundi wa barazani, akaenda kununua vya dukani, vinang'aa. Siku nzima alisimama kupokea wageni. Usiku alipovua, soksi ilikuwa imeshikamana na kisigino kwa damu. Hakusikia maumivu hata chembe, na hilo ndilo lililompa moyo. Akasema jeraha kama haliumi basi ni dogo. Akawa anamwagia spiriti na kufunga kitambaa, anavaa kiatu kile kile anakwenda msikitini, anarudi, anafunga tena, mkewe haambiwi kitu. Sisi tulijua siku harufu ilipotutangulia kumwona. Hospitali walikata nyama iliyooza, wakangoja, wakakata tena. Mwishowe mguu ulikatwa chini ya goti. Aliporudi nyumbani niliomba nivione vile viatu. Nikatia mkono ndani, nikapapasa soli kwa vidole, na pale kisiginoni nikaukuta: msumari umetokeza kama punje ya mchele. Mkono wangu uliukuta mara moja, na yeye alikuwa ameukanyaga kwa majuma.

Ndiyo maana nakwambia, kiatu cha mama yako hakichaguliwi kwa jibu la mama yako. Kinachaguliwa kwa karatasi na kwa mkono wako.

Fanya hivi. Ngoja baada ya Alasiri, kwa sababu mguu hujaa mchana unavyokwenda, na kiatu kilichotosha asubuhi jioni ni kingine. Tandika karatasi sakafuni, asimame juu yake kwa uzito wake wote, uuchore mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Kisha na wa pili, maana hakuna binadamu mwenye miguu iliyolingana sawasawa. Kiatu hununuliwa kwa ule mkubwa. Kata karatasi, uitie ndani ya kiatu. Ikikunjamana pembeni, kiatu ni chembamba, rudisha, hata kama muuzaji anaapa kwamba ngozi itaachia. Mbele ya kidole kirefu kibaki kama upana wa dole gumba lako. Tena angalia vizuri, kwa mama yako kidole kirefu ni cha pili. Na hiyo namba ya zamani isahau kabisa. Mtu akizeeka, kano za unyayo hulegea, upinde hushuka, mguu hurefuka na kutanuka. Sijaona mzee anayevaa vyema namba ya ujana wake, isipokuwa kwa kujitesa.

Kile kifundo kilichotokeza ubavuni mwa gumba lake ni cha ukoo, bibi yako alikuwa nacho na mimi ninacho. Pale pasipite mshono wowote. Pawe na ngozi laini au kitambaa, na nafasi ya juu ya kutosha vidole visisuguliwe. Kisigino kiwe kifupi na kipana, sentimita 2 au 3 zinatosha. Soli ukiikunja ikubali kukunjika penye vidole tu. Ikikunjika katikati kama kitambaa, haimfai. Kiwe na mikanda ya kunata ili aweze kulegeza miguu ikivimba kwenye ndege. Ndala kwa safari hii sitaki kuzisikia, umeshajua kwa nini, na yeboyebo vilevile zikiwa zinamvuka. Raba za mtumba zina unyayo wa mtu mwingine ndani yake.

Avianze akiwa bado nyumbani, saa moja siku ya kwanza, kisha avue na wewe utazame. Wekundu ukikaa nusu saa bila kuondoka, kiatu hicho kinamla. Na kila kabla hajavaa, kikung'utwe, mkono uingie ndani.

Najua kwenu mmezoea kudhani fundi viatu ni mtu wa kubandika soli. Baba yako, Mungu amrehemu, alipokuja kuposa aliwaambia ndugu zake kwamba shemeji yake ni mfanyabiashara, akaona aibu kutaja kibanda. Nilisikia nikanyamaza. Lakini viatu vya kwanza vya mama yako vya kuendea shule nilivishona mimi, na havikumtoa lengelenge. Mengi ya haya nimefunzwa na fundi mmoja wa Moshi, pale hospitali ya KCMC, ambako chuo cha mafundi wa viungo bandia na viatu tiba kipo tangu mwaka 1981. Yeye ndiye aliyenieleza habari za daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma kule Vellore, India. Watu walidhani ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand akaonyesha kwamba vidole vinapotea kwa majeraha ambayo mgonjwa hayasikii, akahangaika na mafundi wake kuwatengenezea viatu vya soli laini. Mguu wa mama yako uko kwenye hali hiyo hiyo, ila kwa sababu nyingine. Hapo Dar es Salaam hospitali ya CCBRT wana karakana yao. Mpeleke wakampime miguu kabla ya safari; wana kijiuzi cha nailoni cha kugusia nyayo, na watakuonyesha mahali asipohisi kitu.

Sasa Makka. Sa'i peke yake, Safa na Marwa mara saba, ni kama kilomita tatu, na kuna tawafu kabla yake, na kuna Mina. Nje ya msikiti sakafu na lami huunguza jua likiwa kali, na yeye ataungua bila kujua. Asikanyage peku hata hatua ya kwenda chooni. Mwanamke katika ihramu anaruhusiwa viatu na soksi. Wewe mwanamume ndiye usiyeruhusiwa kufunika vifundo vya miguu, basi usimfanye afuate sharti lako. Ndani ya Haram avae soksi nene za pamba zisizokaba juu, nyeupe, ili damu ikitoka ionekane. Viatu mbebeeni kwenye mfuko, msiviache mlangoni vikapotea, akarudi hotelini kwa miguu mitupu.

Na kiti cha magurudumu msikione haya. Atakataa, namjua, sisi watoto wa babu yako tuna kiburi cha kutembea. Mwambie Mtume (S.A.W.) mwenyewe katika Hija ya kuaga alitufu juu ya ngamia, na Bi Ummu Salama alipokuwa mgonjwa alimruhusu atufu akiwa amepanda, nyuma ya watu. Akisikia hivyo atalegea.

Sugu zake zisikatwe kwa wembe. Maji ya kuoga ayajaribu kwa kiwiko. Mafuta asipake kati ya vidole. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Usiku, kabla hamjalala, piga goti wewe mwenyewe uikague miguu yake, juu na chini na kati ya vidole. Wewe ni mwanawe, hakuna mwingine wa kufanya hivyo huko.

Vile vyeusi vilivyochongoka virudishe dukani. Wakikataa kuvipokea, niambie bei nitakulipa mimi, lakini visipande ndege. Karatasi mbili za nyayo zake, zilizochorwa jioni akiwa amesimama, mpe dereva wa basi la Tanga anayemjua dada yako, zinifikie kabla ya mwisho wa mwezi. Kalibu ninayo, ngozi ninayo, na mikono bado inashika sindano.

Wasalaam,
Mjomba wako