Hesabu si za damu

Ulimi hauna mfupa. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mpwa wangu aliye sekondari alinijia na daftari lake la aljebra. Nililitupia jicho, nikacheka na kumwambia, "Mambo haya hayamo katika damu yetu, mwanangu." Nilidhani ninamliwaza. Kumbe nilikuwa ninamfungia mlango.

Muhula ulipokwisha alileta ripoti. Katika hesabu alikuwa amepata alama 18 kwa 100. Kaka yangu alipomwuliza sababu, alijibu bila wasiwasi: "Shangazi alisema hayamo katika damu yetu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni hiyo niliketi naye mezani, nikamwambia, "Nionyeshe mahali ulipokwama."

Aliweka kidole kwenye f(x) = 20x + 50. "Shangazi, x ninaijua. Lakini hii f ni ngapi?"

Msomaji, hapo hapo ndipo nami nilipokwama nikiwa msichana. Nilidhani f ni nambari iliyofichwa, inazidishwa kwa x. Niliona haya kuuliza, darasa likaniacha.

Ukweli ni kwamba f si nambari, na hapo hakuna kuzidisha. Ni jina la kanuni, na ndani ya mabano ndimo unamotia nambari yako. Mtaalamu Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel nchini Uswisi, ndiye aliyeanza kuandika hivyo mwaka wa 1734. Kwa hiyo f(3) ni kuuliza tu: nikiipa kanuni hii 3, itanirudishia nini? Mara 20 ni 60, ongeza 50, jibu ni 110.

"Ni hayo tu?" akashangaa. Lakini alikuwa na swali jingine. Mbona kitabu kinasema uhusiano huu ni fanksheni, na ule si fanksheni?

Nikachukua simu yangu. Uhusiano, nilimweleza, ni kuunganisha vitu jozi jozi, hiki na kile. Fanksheni ni uhusiano wenye nidhamu: kila kinachoingia kina jibu moja, wala si mawili. Ukituma pesa kwa M-Pesa, nambari moja ya simu huenda kwa mtu mmoja. Hiyo ni fanksheni. Mtu huyo akiwa na laini mbili, hakuna kilichoharibika, kwani kila laini bado inamfikia yeye peke yake. Lakini geuza mambo. Anza na mtu, kisha utafute nambari. Ukiambiwa, "Mtumie baba," utauliza, "Kwa laini ipi?" Majibu ni mawili, na fanksheni imevunjika.

Tukarudi kwenye daftari. Zidisha 3 kwa 3 upate 9. Zidisha -3 kwa -3, bado ni 9. Nambari mbili zina jibu moja, na hilo linaruhusiwa. Lakini ukianza na 9 na kuuliza ilitoka wapi, utapata 3 na pia -3. Hiyo si fanksheni.

Kisha nikampa mtihani wangu. Tuseme bodaboda anatoza shilingi 50 za kuanza safari, na shilingi 20 kwa kila kilomita. Je, kilomita na nauli ni fanksheni?

Alifikiri kidogo. "Kwa kanuni hiyo, ndiyo. Lakini Shangazi, mvua ikinyesha, safari ile ile ya shilingi 110 anataka 150! Kilomita ni zile zile, nauli ni mbili. Hiyo si fanksheni."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Mfano huo mimi sikuwa nimeufikiria. Msichana niliyemwambia hana damu ya hesabu alikuwa amenipita.

Muhula uliofuata alipata alama 41. Si alama za kupigiwa vigelegele, lakini sasa akikwama huuliza, wala haoni haya.

Mzazi mwenzangu, mtoto hukuamini hata unapofanya mzaha. Hata kama hesabu zilikushinda, usimrithishe kushindwa kwako. Akikuletea daftari, huhitaji kujua jibu. Vuta kiti, keti, umwambie, "Nionyeshe mahali ulipokwama."