Majani Kabla ya Mizizi

Mwanzi wa manjano huchanua kwa nadra mno, wala mbegu zake hazipatikani. Kung'oa kitako chake pamoja na mizizi ni kazi ya shoka na jasho, tena kichaka huumia. Basi mzee mmoja wa milima ya Usambara, ambaye mto ulikuwa ukila ukingo wa shamba lake, alichagua kupanda matawi.

Hakukata tawi lo lote tu. Alitafuta yale manene, yaliyovimba mahali yashikanapo na shina, maana katika uvimbe ule ndimo mizizi itokamo. Aliyeuacha nyuma amepanda kuni. Akabakiza vifundo 3 kwa kila tawi, akapunguza majani, akayapanda kitaluni penye kivuli, akayamwagilia maji kila siku.

Baada ya majuma machache yalichipua.

"Babu, yamekwisha shika! Tuyapeleke mtoni."

"Bado, mjukuu wangu. Majani hayo yanakula akiba ya kijiti."

Mtoto hakusadiki. Babu alipokwenda gulioni, aling'oa matawi 4. Chini hayakuwa na mzizi hata mmoja, lakini aliyapanda vivyo hivyo ukingoni. Hayakupita majuma mawili yakakauka.

Mengine yalikaa kitaluni mpaka masika ya mwaka wa pili, shina jipya, nene kuliko tawi lenyewe, lilipotoboa udongo kandoni. Ndiyo dalili ya kuwa kitako kimeumbika chini. Mzee akahesabu: 11 katika 20. Mtoto ndiye aliyeyabeba mpaka mtoni.