Barua kutoka Dzaleka: Mlima Ukishiba Maji

Ndugu zangu wa Kalehe na Bukavu, huko mashariki mwa Kongo,

Kambi yetu, iliyokuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, iko nchi ya wazi wilayani Dowa, Malawi, si mbali na Lilongwe. Mvua ikizidi, kinachoanguka hapa ni kuta za tofali mbichi. Mlima wa kutuangukia hatuna. Ila kila ifikapo Machi Wamalawi wa kusini hutazama juu, nami nawawaza nyinyi.

Machi 2023 Kimbunga Freddy kiliwapiga. Mjini Blantyre mtaa wa Chilobwe umejengwa chini ya mlima Soche, ambao miti yake imekwenda kwa kuni na mkaa. Tope na mawe makubwa vilishuka usiku, watu wamelala. Nchi nzima waliokufa walipita 600, na mamia hawakuonekana tena. Phalombe, chini ya mlima Mulanje, waliyaona hayo tangu Machi 1991. Wazee husimulia habari za Napolo, nyoka mkubwa akaaye mlimani, ambaye akitoka hushuka na maji na mawe. Silidharau simulizi hilo: limewakumbusha watoto wao kwamba mlima hutembea.

Tarehe 4 Mei mwaka uleule zamu ikawa yetu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko katika kijiji cha Nyamukubi, Kalehe. Huko na katika kijiji cha Bushushu maji na tope vilishuka, wakazikwa zaidi ya 400, na wengi mno hawakupatikana. Watu wa Kalehe waliopo hapa kambini walikesha wakipiga namba zisizoita.

Nimeuliza sana jinsi mlima unavyoshuka. Mvua ya siku nyingi hujaa ndani ya udongo, huuongezea uzito na kuulegeza, mpaka tabaka la juu linateleza. Pale miti ilipokatwa, mizizi iliyokuwa ikilishika haipo tena. Kwa hiyo msiipime hatari kwa mvua ya leo peke yake. Ya wiki nzima inahesabiwa, na mteremko unaweza kuachia hata jua likiwa limetoka. Kabla ya hapo mara nyingi huonya: nyufa mpya ardhini, mlango unaoanza kukwama, miti iliyoinama, chemchemi mahali palipokuwa pakavu. Onyo baya kuliko yote ni mto kupungua ghafla huku mvua inaendelea. Umezibwa huko juu, na kizibo kitapasuka.

Anayejenga tena palepale simlaumu. Ardhi ni haba, na vita vimewabana watu kandokando ya ziwa Kivu. Lakini soko la Nyamukubi linaweza kuhamishwa, na wakubwa wa Kalehe wanapaswa kulihamisha kutoka njia ya maji.

Nanyi, mama zangu na kaka zangu, mkiona mto umekauka kwenye mvua, msiende kuutazama. Wabebeni watoto, acheni vyombo, msifuate bonde. Pandeni ubavuni, mbali na mkondo, saa hiyohiyo.