ALIYEANDIKISHWA NDIYE ALIYETIMULIWA

Mwaka huu sisi wa chama cha kompyuta tulianza kuandika programu ya kutunza orodha ya vitabu vya maktaba yetu hapa Ewuaso Kedong. Tunatumia Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka wa 2005, ambacho hukumbuka kila hatua ya kazi.

Alasiri moja mwenzetu alitaka kuirudisha kazi ilivyokuwa tulipoihifadhi mara ya mwisho kwa git commit. Akaandika git reset --hard, akabonyeza. Palikuwa na faili tatu. Ya kwanza ni ya zamani, na msichana mmoja alikuwa ameongeza humo majina ya vitabu tangu saa nane. Ya pili ilikuwa mpya, yangu mimi, ya kuhesabu siku ambazo kitabu kimecheleweshwa. Nilikwisha iandikisha kwa git add. Ya tatu pia mpya, ya vichekesho tu, haikuandikishwa popote.

Lo! Majina mapya yalifutika, faili yangu ikatoweka, na ile ya vichekesho ikabaki imetulia tuli!

Wengine wakasema eti kompyuta imerukwa na akili. Hata! Fikirieni boma jioni. Mzee anaamuru zizi liwe vile lilivyohesabiwa jana. Mbuzi aliyenunuliwa leo na kutiwa daftarini atatolewa, kwani daftari laonyesha ameongezeka. Yule wa jirani aliyejilalia kando ya ua haguswi, maana hayumo katika hesabu yoyote. Wa namna hiyo hufukuzwa na amri nyingine, git clean. Na lau mwenzetu angeandika git reset pekee, bila lile neno la mwisho, kazi yote ingebaki. Faili yangu ingefutwa daftarini tu.

Mimi bado naona si haki. Hata hivyo, kuandikishwa kuna faida yake: git add huweka nakala ya yaliyomo. Mwalimu alituonyesha git fsck --lost-found, na faili yangu ikapatikana, jina limepotea, inaitwa kwa herufi na tarakimu 40. Nilipoifungua, kila mstari ulikuwemo.

Majina ya vitabu hayakuonekana, kwa sababu mabadiliko yale hayakuwa yameandikishwa. Msichana yule alinyamaza kitambo, kisha akachukua kalamu. Tunamsaidia kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Sasa tumefika rafu ya tatu.