Pikipiki Mpya, Mzigo na Mlima: Hesabu Meno Kabla Hujafungua Injini

Najua mmezoea nikiandika hapa mambo ya mbegu na viuatilifu. Lakini viazi vikishauzwa kinachofuata ni pikipiki, na msimu huu swali ninaloulizwa zaidi njiani si la mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, nimechukua chombo kipya, nifunge nini kwenye injini kiwe na nguvu ya safari ndefu?" Kazi yangu naifanya juu ya pikipiki, mlima kwa mlima, kwa hiyo nina la kusema.

Chukua barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba, ile ya kona 57 ambayo watu wameipa jina la Hamsini na Saba. Kijana mmoja mfanyabiashara anaipita kila wiki na pikipiki mpya ya cc 150. Anashusha viazi Chimala, anarudi na sukari, sabuni na mafuta ya kula. Kushuka hana shida. Kupanda na mzigo, gia ya pili inakata pumzi, na ya kwanza inalia mpaka unasikia harufu ya pleti za klachi. Fundi akamwambia dawa ni kubadili bloku na pistoni, aweke kubwa. Kijana alikuwa na laki tatu na nusu mfukoni, na hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya mbolea ya kupandia. Mvua zilikuwa zimekaribia.

Nilimwomba kitu kimoja tu: apige magoti ahesabu meno ya sproketi.

Mbele alikuwa na 14, nyuma 42. Gawa 42 kwa 14 unapata 3. Maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukiweka ya meno 13 mbele inakuwa mara 3.23, yaani mvuto kwenye tairi unaongezeka karibu asilimia 8, injini ikiwa ileile. Ukitaka kuupata mvuto huo kwa kubadili ya nyuma, utahitaji meno 45, na huenda cheni isifike. Ndiyo maana mafundi wazoefu husema jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma.

Ni sawa na wewe mwenyewe unapopanda mlima na gunia mgongoni. Huongezi miguu, unafupisha hatua.

Bila shaka kuna unachopoteza. Kwenye lami ya Chimala kwenda Igurusi, pale alipokuwa anatembea 80 injini ikiwa imetulia, sasa kwa mzunguko uleule atatembea kama 74. Akilazimisha 80, injini itapiga kelele zaidi na petroli itaongezeka. Kwa mtu wa mlimani hiyo ni hasara ndogo, tena anapata faida ambayo wengi hawaitaji: akishuka na gia ya pili, injini inashika zaidi, na breki za ngoma hazipati moto haraka. Mimi kwa zile kona ningelipia hilo peke yake. Ila kama wewe ni mtu wa mpunga kule Rujewa au Ubaruku, barabara tambarare, acha sproketi za kiwandani kama zilivyo.

Sasa hilo bloku kubwa. Sisemi halifanyi kazi. Chukua pikipiki za Kichina za cc 125 zenye injini ya muundo wa CG. Silinda ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inasafiri milimita 49.5. Hiyo ni cc 124. Weka bloku ya kipenyo cha milimita 62, safari ileile, unapata cc 149. Ujazo umeongezeka moja ya tano, na kweli mlimani utaisikia. Lakini krenki ni ileile, klachi ni ileile, na kabureta iliyopimwa kwa injini ndogo itapeleka petroli pungufu mpaka ibadilishwe jeti, kile kitobo kinachopitisha petroli. Petroli ikipungua, injini inachemka. Unajikuta unanunua kitu cha pili, cha tatu, na mbolea ndiyo hiyo imekwisha. Isitoshe waranti ya muuzaji hufa siku injini inapofunguliwa, na kadi ya usajili inasoma ujazo mwingine. Bloku kubwa, kwa maoni yangu, ni jambo la kufikiria siku pistoni ya kwanza imechoka na lazima ufungue injini. Kwenye chombo kipya ni kuharibu kitu kizima.

Kuna vijana wanaondoa ea klina, lile chujio la hewa, na kutoboa ekzosi. Hapo wananunua kelele. Vumbi letu likiingia kwenye silinda linasaga ringi kama msasa, na ndani ya muda mfupi pikipiki inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Hili halina mjadala.

Tena usiilaumu injini kwa kila kitu. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu robo. Injini ya kabureta inavuta hewa hiyo hiyo, kwa hiyo lazima ipungue nguvu. Ukifungua plagi ukaikuta nyeusi yenye masizi, petroli inazidi hewa. Anayeishi juu bila kushuka anaweza kumwomba fundi jeti ndogo kidogo. Anayeshuka bondeni kila wiki asiguse, kwa sababu kule chini jeti hiyo itamchemshia injini.

Kijana alinunua sproketi ya meno 13. Akabaki na pesa ya mifuko yake ya mbolea. Sikumruhusu aifunge siku hiyo, maana chombo kilikuwa hakijafika hata huduma ya kwanza. Oili ya kwanza hubeba unga wa chuma wa injini inayojizoeza, imwage kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu chake, weka daraja la oili wanalotaja wao, na mpaka hapo usibebe mzigo mzito wala kuilazimisha mlimani.

Siku ya kufunga, simama pale pale umwangalie fundi. Sproketi ndogo ya mbele inailegeza cheni, kwa hiyo gurudumu la nyuma lirudishwe nyuma sawasawa pande zote mbili, alama kwa alama. Cheni ikibonyezwa katikati icheze kiasi kilichoandikwa kitabuni, isikazwe kama waya wa nguo. Angalia pia isiguse chuma inapopita kwenye mkono wa gurudumu. Halafu ikague tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa sababu jino dogo linaikunja cheni zaidi na linailegeza mapema.