Barua ya Uhitaji

20 Septemba 2025, Jumamosi. Mkunazini, Unguja
Nimetoka zamu ya usiku, nimepita Darajani kununua mkate wa mofa. Muuzaji akinihesabia chenji, habari ikaingia kwenye simu: kila ombi jipya la viza ya H-1B kwa aliye nje ya Marekani sasa ni dola 100,000. Analipa mwajiri, ndiyo, lakini spitali gani itatoa fedha hizo kwa daktari anayekuja kujifunza ubingwa?

Hata hivyo, njia hiyo haikuwa yangu. Inataka uwe umefaulu hatua ya tatu ya mtihani wao wa udaktari, nayo haifanyiki ila Marekani kwenyewe. Mbili za mwanzo nilizifanya Nairobi, kwa akiba na kwa bangili za Mama.

Imebaki viza ya mabadilishano, J-1. Ukimaliza masomo, urudi kwenu miaka miwili kabla hujaomba kuhamia huko. Wenzangu wanaiita kamba ya mbuzi. Mimi hainibani. Kitovu changu kimezikwa hapa.

14 Oktoba, Jumanne
Mama ameuliza hiyo barua ya uhitaji ni kitu gani. Nimemwambia: nikipata nafasi, Wizara ya Afya ya kwetu iandike kwamba nchi ina haja na mabingwa wa fani yangu, na kwamba nimeweka ahadi ya kurudi. Maneno yenyewe wameshayapanga Wamarekani.

"Kwani hawajui kama tuna haja? Si waje wakae foleni siku moja!"

Linalonisumbua ni jengine. Afya si jambo la Muungano, pasipoti ni ya Muungano. Barua itoke Unguja au Dodoma? Nimeandika kuuliza.

Ami alikuwa barazani, akacheka. "Wote huapa kurudi, mwanangu." Na hajakosea sana. Kila jimbo la kule linaweza kuwaombea madaktari 30 kwa mwaka wasamehewe ile miaka miwili, mradi wafanye kazi miaka mitatu kwenye sehemu zisizo na madaktari wa kutosha. Wamefunga mlango, wakatoboa dirisha, na dirisha ni kwa haja yao wao.

30 Oktoba, Alkhamisi
Mtandao haupo tangu jana, siku ya kura. Leo saa kumi jioni ndipo ulipokuwa usaili wangu wa video na spitali moja ya Ohio. Nilivaa, nikajitanda mtandio mzuri, nikakaa mbele ya kompyuta mpaka adhana ya magharibi, kama bi harusi aliyesahauliwa.

13 Novemba
Ohio walinipa siku nyengine, Mungu awabariki. Wameniuliza nikimaliza nitafanya nini. Nimewaeleza habari za wagonjwa wa figo wanaotufikia wamevimba uso, wakati dawa haina tena la kufanya. Sikuwa nikitongoza. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka, na naitaka hapa.

17 Desemba, Jumatano
Jana rais wao ametia saini. Tanzania imeongezwa kwenye orodha: kuanzia Januari mosi, viza za matembezi, za masomo na za J zinasimamishwa. Miongoni mwa sababu, asilimia 13.97 ya Watanzania wenye viza za masomo na mabadilishano walipitiliza muda wao.

Nimesoma mara tatu nikitafuta H. Haimo. Yaani viza inayokulazimisha kurudi kwenu imefungwa kwa kuwa watu hawarudi, na ile isiyokudai kurudi iko wazi, kwa dola 100,000. Nilitaka kumweleza Mama, nikaona bora nimenye viazi.

8 Februari 2026, Jumapili
Ramadhani imekaribia, Mama ameshanunua tambi. Zamu ya jana nilikuwa na daktari wa Kichina. Wenzake wa Jiangsu wanapokezana hapa tangu 1964, na hakuna anayeshangaa wakirudi kwao. Akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia bado.

Shangazi wa Maskati ametuma sauti: watoto wake, kwa pasipoti ya Oman, tangazo la rais wa Marekani haliwagusi. "Ungezaliwa huku, mwanangu." Ohio nao wameandika, kwa adabu sana: je, nina uraia mwengine wowote?

Nimejibu sina. Orodha ya spitali ninazozichagua inafungwa mwanzoni mwa Machi. Ohio nitawaweka wa kwanza. Fomu ya kusomea ubingwa Muhimbili nimeijaza nusu, iko chini ya msahafu.